Nilivyofanya test ya leseni ya Kenya pale Garissa, 1966, ili nifike kwenye kaburi la kaka

Machi 1966 kaka yangu Mbwana alifia njiani, ng'ambo ya Wajir, lori alilokuwa akiendesha lilipokanyaga bomu lililotegwa barabarani. Wakweze walimzika kijijini kwao, Hadado. Sisi Tanga tulipata habari wakati hitima yake ilishasomwa.

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimeanza na hilo ili mtu asisome akidhani ni uzi wa kuchekesha. Kuna mahali mtacheka. Hata mimi nilicheka, ila baada ya miaka mingi.

Nimeona vijana mlioko nje mnavyolalamikia kubadilisha leseni. Mmoja kafeli Uingereza kwa sababu hakutazama kioo. Mwingine yuko Dubai, wanamlazimisha aanze darasa upya kama vile hajawahi kushika usukani. Nikaona na mimi niweke yangu ya zamani.

Nitakayoandika niliyaona. Nisilolijua nitasema silijui. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo mtanisamehe mapambo.

Miaka ile nilikuwa dereva wa lori la mkonge huko Muheza. Udereva nilifundishwa na Mbwana mwenyewe. Yeye alitangulia kuhama. Alikwenda Mombasa, akapata kazi kwa mfanyabiashara wa Garissa, akahamia huko moja kwa moja. Akaoa huko, mwanamke wa Kisomali aitwaye Habiba, mtu wa Hadado. Hatukuwahi kumwona. Tulisikia tu kwamba amejifungua mtoto wa kike, na baada ya muda mfupi tukasikia habari ya bomu.

Mama alisema lazima mtu wa nyumbani aende akaone kaburi, amwone mjane, amwone na mtoto. Nilikuwa ndiye mwanamume pekee aliyebaki. Nikaomba ruhusa kazini, ikachukua miezi, nikaenda.

Sitawachosha na safari. Basi, treni, na mwisho lori la unga kutoka Thika likiwa na askari mbele na nyuma. Nilifika Garissa nimekuwa mweupe kwa vumbi, kama aliyepikwa na huo unga.

Bosi wa Mbwana aliitwa Mzee Gure. Msomali, mtu mzima, mwenye duka la bati karibu na soko la mifugo, akiuza unga, sukari na majani ya chai. Nilisimama mlangoni na kikapu changu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema:

"Wewe ndugu ya Mbwana."

Sikuwa nimejitambulisha.

"Sura nasema," akaongeza. "Kaa. Kwanza chai."

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini sikuwahi kuona kikimkwamisha.

Nilipomaliza chai ya maziwa ya ngamia, nikamweleza nataka kwenda Hadado. Akacheka kwa pua. Si kwa dharau. Ni vile mtu anavyocheka mgeni anapouliza mvua itanyesha lini.

Wakuu, kwa wasiojua. Wakati ule eneo lote lile lilikuwa vitani. Kuna waliotaka lijiunge na Somalia, serikali haikutaka. Waliopigana waliitwa shifta. Sitaingia humo, kuna wanaoyajua kuliko mimi, na kila upande ulizika watu wake. Kilichonihusu mimi ni kwamba hakuna gari lililotoka mjini bila msafara wa askari, na ndani ya msafara abiria walikuwa hawatakiwi. Lori linabeba dereva na wapakiaji. Wapakiaji ni watu wa hapohapo wanaojulikana kwa majina. Mgeni akitaka kupanda, apande akiwa ameshika usukani.

"Gari ya bili, si ile ya Mbwana, iko nyuma ya duka," akasema Mzee Gure. "Dereva yake amekimbia, anasema bomu ikimtaka imfuate Thika. Wewe naendesha?"

"Naendesha."

"Fizuri. Habiba nakungoja."

Nikaona ni neno la kawaida. Mfiwa humngoja mfiwa mwenzake.

Kesho yake tukaenda kwa polisi. Mkuu wa trafiki alikuwa Inspekta Mutua, Mkamba, mtu wa sauti ya chini. Kitengo kizima cha trafiki kilikuwa yeye, meza, na feni ambayo ilikuwa haizunguki. Nikampa leseni yangu. Aliifungua, akaisoma yote, hadi mahali pasipo na maandishi.

"Hii ni ya wapi?"

"Tanganyika, afande."

"Tanganyika iko wapi?"

"Sasa ni Tanzania."

"Mimi sikuulizi sasa. Nakuuliza hii. Imetolewa na nchi ambayo imekufa."

"Haikufa, afande. Iliungana."

"Ikaungana na leseni?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Akasema nitafanya test upya kama mtu ambaye hajawahi kuendesha. Pia nilete wadhamini, watu wa pale wenye mali, watakaojibu nikipotea na lori. Lori likipotea wakati ule hakuna aliyeamini limeharibika. Watu walisema dereva amelipeleka kwa shifta.

Mimi mtu wa Tanga, sina hata siku mbili pale, nipate wapi watu wa kunidhamini?

Mzee Gure aliwapata kabla ya adhuhuri. Wazee watatu pamoja na yeye. Mmoja namkumbuka zaidi, Mzee Dubow, mwenye ngamia wengi na meno machache. Waliingia kituoni, wakakaa kwenye benchi, wakaweka vidole vyao kwenye wino bila kuuliza swali hata moja. Inspekta alishangaa.

"Huyu mnamjua?"

"Namjua," akasema Mzee Dubow. Tulikuwa tumeonana mlangoni.

Nilishukuru sana. Nikawaza kwamba Mbwana lazima aliishi vizuri na watu hawa.

Na haikuishia hapo. Mwanamke asiyenijua akanitumia kibuyu cha maziwa. Mwingine akaleta kingine. Kinyozi akakataa pesa yangu. Nikipita sokoni wanaume wananiita, "Waryaa, seeddi," yaani wewe shemeji, wananishika mkono kwa mikono miwili. Nikasema kweli watu hawa wanajua kufariji.

Sasa test.

Sehemu ya kwanza ilikuwa uwanja wa polisi. Kurudisha lori nyuma kati ya mapipa mawili. Hiyo niliipita vizuri, maana mkonge umenifundisha kurudi nyuma kuliko kwenda mbele.

Sehemu ya pili ni barabarani. Inspekta akakaa kushoto kwangu na karatasi yake mapajani. Kuna kizuizi cha askari mwisho wa mji, pipa na gogo. Nikakiona, nikaanza kupunguza mwendo, na kama kitabu cha sheria kinavyotaka, nikatoa mkono wa kulia nje ya dirisha nikaupandisha na kuushusha kuonyesha nasimama.

Askari wa kizuizini akainua bunduki.

"Mikono ndani. Yote. Kwenye usukani."

"Rudisha mkono," akasema Inspekta, taratibu.

Nikaurudisha. Tukapita. Tukazunguka soko, tukarudi kituoni, nikazima injini. Inspekta akaandika, akang'oa karatasi, akanipa. Nimefeli.

"Afande, nimekosa nini?"

"Hukutoa ishara ya kusimama."

"Niliitoa. Wewe ulisema nirudishe mkono."

"Nilikuambia kama abiria," akasema. "Sikutaka kupigwa risasi. Lakini kama mtahini, nimeona gari likisimama na mkono uko ndani."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Akasema nirudi mwezi ujao.

Vijana wa Dubai na Uingereza, nawasikiliza kwa heshima, lakini hapo nadhani nimewazidi.

Msafara wa Wajir ukaondoka bila mimi. Nikabaki kwa Mzee Gure, nashusha magunia, nalala stoo. Yeye hakulalamika. Alisema tu, "Hadado haihami."

Siku moja nimekaa barazani, fundi cherehani wa jirani, jina lake Farah, akaja na utepe shingoni.

"Simama, nipime bega."

"Sijaagiza nguo."

"Gure kaagiza. Bwana harusi haendi Hadado na shati ya mkonge."

"Bwana harusi nani?"

Farah akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola yake. Nadhani alikuwa anajipa muda.

"Walaal, ndugu yangu," akasema, "wewe umekuja kufanya nini hapa?"

Nikamwambia: kuona kaburi, kuona mjane, kuona mtoto.

"Mjane wa ndugu yako."

"Ndiyo."

"Eda imekwisha."

"Nadhani imekwisha."

"Na wewe huna mke."

"Sina bado."

Alinitazama kama Inspekta alivyotazama leseni yangu.

Basi akanieleza. Kwao kuna desturi inaitwa dumaal. Mwanamume akifa, ndugu yake ndiye wa kwanza kumwoa mjane, ili watoto wasilelewe nje ya damu ya baba yao. Ndugu anayekuja mwenyewe, kutoka nchi nyingine, katikati ya vita, huyo hakuna anayemuuliza amekuja kufanya nini. Mji wote unajua. Ndiyo maana wazee waliweka vidole. Mgeni hawamdhamini. Bwana harusi wa msichana wao wanamdhamini.

Yale maziwa yote niliyokunywa yalikuwa ya harusi.

Wakuu, mimi nilikuwa na mchumba Muheza, Mwanaidi. Ndiye aliyekuja kuwa mke wangu. Nilimzika mwaka juzi, Mungu amrehemu. Na hata kama nisingekuwa naye, Habiba kwangu alikuwa mke wa Mbwana.

Nilikaa pale barazani nikapiga hesabu ya maneno. Nikinyamaza, wadhamini wanabaki, napata leseni, nafika Hadado, huko ndiko niseme. Nikisema sasa, naweza kupoteza wadhamini, na bila wadhamini hakuna leseni, na bila leseni hakuna kaburi.

Lakini nilikuwa nakula chakula cha Mzee Gure. Nikainuka nikaenda dukani.

Alikuwa anafunga sukari kwenye karatasi.

"Mzee, mimi sikuja kuoa."

Hakuinua kichwa. "Nani kasema?"

"Farah."

"Farah nasema sana." Akakunja pembe za karatasi. "Lakini si mwongo. Hutaki?"

"Nina mchumba kwetu. Na yule ni mke wa Mbwana."

"Alikuwa."

Nikaokota karatasi iliyoanguka, nikamrudishia.

Akasukuma mizani pembeni, akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri.

"Sasa sikia. Iko mtu wa Kutulo, mwenye ngamia, mtu fizuri, amemwomba Habiba kwa baba yake. Baba yake anamwambia ngoja, ndugu ya marehemu nakuja. Bila wewe kusema hutaki, hakuna mtu nachukua yeye. Mimi siwezi kusema kwa niaba yako. Barua haiwezi. Wewe, mdomo yako, mbele ya baba yake. Basi ukitaka, usitake, lazima ufike."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwangu. Nilikuwa nimekuja kuomboleza, mtu asipofika anaomboleza akiwa nyumbani. Sasa nikaelewa kwamba kuna mwanamke amekaa Hadado na mtoto mgongoni, hawezi kuamua lolote la maisha yake mpaka mimi nifaulu test ya Inspekta Mutua.

Nikamwambia Mzee Gure nataka na wale wazee wengine wajue, wasije wakasema niliwadanganya. Akasema nangoja nini, nao wako nje wanakunywa chai.

Nikawaambia wote kwenye benchi, Mzee Gure akitafsiri. Mmoja akatema mate pembeni. Nikajua nimekwisha.

Kisha Mzee Dubow akasema kitu kwa Kisomali na wenzake wakaangua kicheko mpaka mmoja akamwaga chai.

"Anasema nini?" nikamuuliza Mzee Gure.

"Anasema, mtu anakataa mke, tena msichana wetu, tena na maziwa amekunywa yote. Mtu namna hii ataiba lori ya nini? Hajui hata kuchukua kitu amepewa."

Vidole vyao vikabaki palepale kwenye karatasi. Farah aliacha kunipima bega. Maziwa yakakoma siku hiyohiyo. Kinyozi akaanza kuchukua pesa, na sikumlaumu.

Test ya pili.

Safari hii kabla ya kuondoka nilimuuliza Inspekta: kizuizini nitoe mkono au nisitoe? Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasema tutapita njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwa ya mtoni. Fomu yake ilidai dereva asimamishe gari kwenye mlima na kuondoka bila kurudi nyuma. Garissa haina mlima. Ni tambarare kama mkeka. Mahali pekee penye mwinuko ni ule mteremko wa kushukia mto Tana, ambako mifugo inanyweshwa maji. Basi akaniambia nishuke hadi chini, nigeuze, nipande, nisimame katikati.

Nikasimama katikati. Nikavuta hendibreki.

Ngamia wakaanza kupanda kutoka mtoni.

Kwetu Muheza ng'ombe wakiziba njia unapiga honi. Lakini katika ule mwezi wa kubeba magunia nilikuwa nimewaona madereva wa pale. Penye njia nyembamba hawapigi honi na wala hawaungurumishi injini. Wanaizima. Ngamia akishtuka penye kingo anarudi nyuma juu ya wenzake, na mwenye ngamia hataki kusikia habari ya sheria ya barabara. Unazima, unatoa salamu, unangoja mpaka wa mwisho apite.

Nikazima.

Inspekta akanigeukia. "Kwa nini umezima?"

"Ngamia, afande."

Akatazama nje. Walikuwa wengi. Mwenye ngamia akapita dirishani kwangu, akatoa salamu, nikaitikia. Inspekta akavua kofia akaiweka mapajani. Tukakaa. Ngamia wana harufu yao, na jua la Garissa mnalijua au mmesikia.

Wa mwisho alipopita nikabonyeza stata. Betri ikasema neno moja ikanyamaza.

Mwaka ule gari bila betri si mwisho wa dunia, kuna hendeli ya mbele. Lakini nikishuka kuzungusha hendeli, hendibreki ile ilikuwa ya zamani na nyuma yangu ni mto. Nikashuka, nikaokota jiwe kubwa, nikaliweka nyuma ya gurudumu. Nikazungusha hendeli. Injini ikawaka mara ya tatu. Nikapanda, nikatia gia, nikaachia klachi polepole, lori likapanda bila kurudi hata kidogo. Jiwe tuliliacha pale.

Kituoni Inspekta alikaa na fomu yake muda mrefu.

"Kitabu hakisemi kitu kuhusu jiwe," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Hakikatazi pia."

Akapiga muhuri. Aliponipa leseni akaniuliza, kwa sauti ileile ya chini, "Ni kweli umekataa yule mjane?" Habari ilikuwa imefika mpaka polisi. Nikasema nakwenda kumwambia. Akasema, "Basi endesha vizuri."

Msafara uliofuata nilikuwamo, lori la tatu. Nilifundishwa njiani na dereva wa mbele yangu: punguza upepo wa matairi kwenye mchanga, na kanyaga pale pale alipokanyaga mwenzako. Usiwe na ujuzi wako. Fuata tairi.

Baada ya Wajir, upande wa Hadado, kuna mahali magari yote yalitoka nje ya njia, yakazunguka, yakarudi. Hakuna aliyenionyesha mahali pa Mbwana. Nilipajua kwa vile kila mtu alipazunguka. Na mimi nikazunguka.

Hadado tulipewa muda wa kushusha unga tu. Baba yake Habiba, Mzee Noor, alikuwa amesimama pale pale malori yaliposimama. Alinipeleka kwanza kaburini. Mawe, na miiba imezungushiwa ili fisi wasifukue. Nikasoma nilichojua. Naye alisimama nyuma yangu hakuniharakisha.

Kisha tukaingia kwake. Wazee wawili walikuwa wameketi kama mashahidi. Nikasema, mbele yao, kwamba nimekuja kwa ajili ya ndugu yangu, kwamba kwa Habiba sina dai, aolewe na amtakaye. Mzee Noor akaomba niseme tena. Nikasema tena. Akasema kitu kwa Kisomali, wakaitikia. Basi, ikawa imekwisha. Leseni ilichukua muda mrefu zaidi.

Habiba alikuwa nyuma ya pazia la nguo na mtoto. Akaongea, na mimi nilishtuka, maana alikuwa anaongea Kiswahili cha nyumbani kwetu kabisa. Kiswahili cha Mbwana, hadi mahali anapovuta neno.

"Shemeji, mbona umechelewa hivyo?"

"Nilifeli test."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Umemshinda. Mwenzio alifeli mbili."

"Mbwana? Kwetu alisema alifaulu mara ya kwanza."

"Kwenu," akasema. "Mimi aliniambia ukweli."

Akacheka kidogo.

Akatoka akanipa mtoto nimshike. Walimpa jina la mama yetu, Zuhura. Akanishika kidole akakitia mdomoni, akaniuma.

"Mwambie mama mtoto ameanza meno," akasema Habiba.

Filimbi ya msafara ikalia. Nikamrudishia mtoto wake, nikapanda lori.

Wakuu, nilichojifunza. Kwanza, test ya nchi ya watu haipimi udereva. Inapima kama unaweza kukaa kando ya mtu asiyekuamini bila kukasirika. Pili, mtu akikudhamini upesi kupita kiasi, mwulize anadhani unakwenda kufanya nini. Tatu sina.

Mwenye leseni ya nchi iliyoungana, au aliyefelishwa kwa kutii amri, aweke yake hapa chini tusome. Na kama yupo mtu wa Hadado humu, nakusalimu.

Nimerudi. Kuna ndugu ameuliza mama alisema nini nilipofika nyumbani.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamweleza kaburi, mawe na miiba. Nikamweleza Habiba na yule mtu wa Kutulo. Alisikiliza, mikono haikusimama.

Nilipofika kwenye meno ikasimama.

"Yameanza ya juu au ya chini?"

Kwa wasio wa pwani: wazee wetu waliamini mtoto anayeanza meno ya juu ni kigego, anakuja na kifo cha wazazi wake. Miezi yote ile mama alikuwa akiliwaza hilo na hakumwambia mtu.

"Ya chini," nikasema. "Mawili. Aliniuma kidole."

Akaniomba hicho kidole. Akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, akakitazama pande zote mbili.

"Basi si mtoto," akasema. "Ni barabara tu."

Akarudi kwenye mchele.